Kuchagua Mtandao wa Simu kwa Kazi ya Ualimu: Mifano kutoka Wilaya za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mazoezi ya kufundisha, wanachuo wetu hutujia na swali ambalo wakufunzi waliotutangulia hawakuulizwa. Zamani mwanachuo aliyepangiwa shule ya mbali aliulizia nyumba, maji na usafiri. Siku hizi huuliza pia: "Mkufunzi, huko ninakokwenda ninunue laini ya kampuni gani?"

Swali hili si la anasa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa katika shule za msingi Januari 2024, na mihtasari na vitabu vyake hupatikana katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, nayo yana masomo yanayofuatwa kwa njia ya intaneti. Aidha, mwalimu akishaajiriwa hutakiwa, kama watumishi wengine wa umma, kujaza taarifa za utendaji wake katika mfumo wa PEPMIS. Shule nyingi za vijijini hazina kompyuta iliyounganishwa na intaneti, kwa hiyo kazi zote hizo hufanywa kwa simu ya mwalimu mwenyewe na kwa fedha zake mwenyewe.

Katika makala haya hatukusudii kutaja kampuni iliyo bora kuliko nyingine. Kampuni ya namna hiyo haipo, kwani laini iliyo nzuri Biharamulo mjini yaweza kuwa haina maana katika kijiji cha Ngara kilicho bondeni. Tunakusudia kuonyesha njia ambayo mwalimu anaweza kuitumia ili achague mwenyewe. Pia tunataka kutilia mkazo jambo moja ambalo matangazo ya biashara hayalisemi: kwa mwalimu, gharama ya mtandao haihesabiwi kwa shilingi peke yake, bali huhesabiwa pia kwa vipindi ambavyo wanafunzi hukosa kufundishwa.

Kisa cha vipindi 48

Miaka michache iliyopita mwanachuo wetu mmoja alipangiwa shule ya msingi wilayani Ngara kwa wiki 8. Kabla ya kuondoka alinunua laini aliyoshauriwa na marafiki zake wa mjini, na akajiunga na kifurushi cha mwezi mzima. Alipofika alikuta shule iko chini ya mwinuko mkubwa, na laini yake haisomi darasani, ofisini wala nyumbani alikopanga. Ilisoma kilimani tu, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni.

Chuo kilimtaka apeleke taarifa za ufundishaji mara mbili kwa wiki. Basi mara mbili kwa wiki alipanda kilima nusu saa, akangoja kwa muda wa saa 1 hivi hadi nyaraka zake zikamilike kwenda na kurudi, kisha akashuka nusu saa. Jumla ilikuwa saa 2 kila safari, saa 4 kwa wiki, na saa 32 kwa wiki 8. Tukigawanya saa hizo kwa vipindi vya dakika 40, tunapata vipindi 48. Kwa muda huo wanafunzi wa Darasa la IV walipewa kazi ya kunakili ubaoni, au walikaa bila mwalimu.

Yafaa tuseme wazi kwamba kosa hili halikuwa la mwanachuo peke yake. Sisi wakufunzi ndio tuliotaka taarifa zitufikie Jumanne na Alhamisi kabla ya saa 6 mchana, bila kuuliza kama mahali pale palikuwa na mtandao. Mwalimu wa shule ile alikuwa na laini ya kampuni nyingine iliyosoma ofisini polepole lakini kila siku. Hakuna aliyemwuliza.

Kwa nini mtandao hutofautiana mahali na mahali

Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hudhoofika kadiri yanavyokwenda mbali, na huzuiwa na milima kwa namna inayofanana na mwanga. Ukiweka karabai juu ya kilima usiku, aliye upande wa pili wa kilima haoni mwanga wake hata kama yuko karibu kuliko yule anayeuona kutoka kilima cha mbali. Ngara ni wilaya ya milima na mabonde, na karibu na Rusumo ndipo maji ya Ruvubu yanapokutana na yale yatokayo Rwanda na kuwa mto Kagera. Katika nchi ya namna hiyo shule mbili zilizotengana kwa mwendo mfupi zaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Biharamulo ina taabu ya namna nyingine. Huko milima si mikali sana, lakini yapo mapori, na makazi ya watu hutengana kwa masafa marefu. Sehemu ya mapori hayo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Kampuni ya biashara hupenda kujenga mnara palipo na wateja wengi, kwa hiyo miji na vituo vya barabarani kama Lusahunga na Nyakanazi hupata huduma mapema kuliko vijiji vya ndani.

Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hadi mpakani Rusumo na Kabanga, vijiji vyote vya njiani vina intaneti ya kasi. Mkongo ni kama bomba kuu la maji: waweza kupita kando ya kijiji na wanakijiji wasipate hata ndoo moja, mpaka pawekwe bomba dogo la kuyatoa. Kwa upande wa simu, bomba hilo dogo ni mnara.

Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, huzipa kampuni ruzuku ili zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake haivutii. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini katika mikoa mbalimbali ya nchi, na kazi hiyo iligawanywa kwa kampuni tano. Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kata mbili jirani zaweza kuwa na minara ya kampuni tofauti. Pili, habari za mtandao huchakaa upesi. Aliyefundisha mahali fulani miaka mitano iliyopita atakupa habari za wakati ule.

Kampuni zilizopo na alama za simuni

Kampuni kubwa zitoazo huduma ya simu za mkononi nchini ni Vodacom, Airtel, Yas ambayo iliitwa Tigo hadi mwaka 2024, Halotel iliyoanza huduma mwaka 2015, na TTCL ambayo ni shirika la umma. Zote husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo pia hupokea malalamiko ya mteja asiyeridhika na majibu ya kampuni yake.

Wengi wetu hutazama vijiti vya mtandao juu ya kioo cha simu, na vikijaa huridhika. Vijiti huonyesha nguvu ya mawimbi tu, wala havionyeshi kasi ya intaneti. Yafaa kutazama pia herufi iliyo kando yake. Herufi E huonyesha kizazi cha pili, ambacho hufaa kwa kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. Herufi H au 3G huonyesha kizazi cha tatu, na 4G au LTE kizazi cha nne.

Tofauti yake ni kubwa, na tunaweza kuipata kwa hesabu. Tuseme kitabu cha kiada kina megabaiti 30. Kwa kuwa baiti 1 ni biti 8, kitabu hicho ni megabiti 240. Kwenye mtandao wa herufi E wenye kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, kitachukua sekunde 2,400, yaani dakika 40: kipindi kizima. Kwenye mtandao wa 4G wenye kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, kitachukua sekunde 60.

Hata hivyo, mnara wa 4G hausaidii simu isiyo na uwezo wa 4G, na baadhi ya laini za zamani hubidi zibadilishwe dukani ndipo zipokee huduma hiyo. Mwanachuo achunguze simu yake kabla ya kuilaumu kampuni.

Jinsi ya kupima

Njia tunayoipendekeza haihitaji kifaa chochote zaidi ya simu, saa na daftari.

1. Ukifika shuleni, usinunue kifurushi cha mwezi. Jitambulishe kwa walimu, kisha uliza kila mmoja anatumia laini gani na kwa kazi gani. Mwenye kupiga simu tu atasifu laini ambayo huenda haifai kwa intaneti.

2. Omba walimu wenye laini tofauti mshirikiane kupima, na uwalipie gharama ya kifurushi kidogo cha siku kwa kila laini.

3. Chagua waraka mmoja, mathalani muhtasari wa somo wenye megabaiti 6, na kila laini ipakue waraka huohuo.

4. Pima mahali patatu: ofisini au darasani, nyumbani unakolala, na mahali pa wazi palipoinuka.

5. Pima saa tatu tofauti: saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Mnara mmoja hutumiwa na watu wengi, na usiku watu wakiwa nyumbani kasi yaweza kupungua sana. Siku ya gulio pia hutofautiana na siku nyingine.

6. Rudia kwa siku 3, na uandike matokeo yote, pamoja na yale ya kushindwa. Umeme ukikatika, andika pia, kwani mnara ambao betri zake zimechoka huzimika muda mfupi baada ya umeme kukatika.

Tutazame mfano, ambao tarakimu zake tumeziweka kwa ajili ya mafunzo tu:

Laini A: ofisini haikusoma, nyumbani dakika 4, kilimani sekunde 12.
Laini B: ofisini sekunde 96, nyumbani sekunde 80, kilimani sekunde 60.
Laini C: ofisini sekunde 40, lakini haikusoma kabisa umeme ulipokatika.

Anayetazama kasi peke yake atachagua Laini A, ambayo kilimani ina kasi ya megabiti 4 kwa sekunde. Mwalimu atachagua Laini B. Ofisini kasi yake ni nusu megabiti tu kwa sekunde, lakini itamwezesha kupakua muhtasari wakati wa mapumziko, na kengele ikilia ataingia darasani. Kama umeme haukatiki mara nyingi, Laini C yaweza kuwa laini yake ya pili, maana simu nyingi za siku hizi huchukua laini mbili.

Hesabu ya kifurushi

Bei za vifurushi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hatutazitaja. Lililo muhimu ni kujua kuzilinganisha. Tuseme kifurushi cha siku kinauzwa sh. 1,000 kwa megabaiti 1,000, na cha mwezi kinauzwa sh. 10,000 kwa megabaiti 5,000. Kwa kutazama haraka, cha siku ni sh. 1 kwa megabaiti, na cha mwezi ni sh. 2. Lakini mwalimu akitumia megabaiti 200 tu kabla ya siku kwisha, zilizobaki hupotea, na kila megabaiti aliyoitumia imemgharimu sh. 5. Akimaliza kifurushi cha mwezi chote, kila megabaiti imemgharimu sh. 2. Kwa hiyo tugawanye bei kwa megabaiti tutakazotumia kweli, wala si kwa zile zilizoandikwa kwenye tangazo.

Ili kujua utakazotumia, andika matumizi yako kwa wiki moja. Maandishi hula kidogo sana. Video ndiyo mlaji mkubwa: kutazama saa 1 kwa ubora wa wastani kwaweza kumaliza megabaiti 500 au zaidi. Katika makundi ya WhatsApp, simu huweza kupakua picha na video zenyewe bila mwenye simu kuzihitaji. Zuia jambo hilo kwenye mipangilio ya simu. Vilevile zima intaneti kifurushi kinapokwisha, kwani salio la kawaida laweza kuliwa kwa bei ya juu.

Tahadhari kwa shule za mpakani

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Mwalimu aliye karibu na Rusumo au Kabanga atakuta kwamba mtandao wa nyumbani ukififia, simu iliyoachwa ijichagulie yenyewe yaweza kushika mnara wa ng'ambo. Madhara yake ni mawili.

La kwanza ni gharama. Intaneti ya ng'ambo hutozwa kwa viwango vingine, na kifurushi cha nyumbani aghalabu hakitumiki huko. Katika mipangilio ya simu, zima matumizi ya intaneti nje ya nchi, na uchague kampuni yako kwa mkono badala ya kuiachia simu.

La pili ni saa. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa 1, na simu iliyoshika mnara wao huweza kurudisha saa yake nyuma bila kumwuliza mwenyewe. Sisi tulijifunza jambo hili kwa aibu. Tulilala karibu na mpaka ili asubuhi tumkague mwanachuo katika kipindi cha kwanza, tukaitegea simu ituamshe saa 11 alfajiri. Ilipolia tulishangaa kuona nje kumepambazuka. Tulipofika shuleni kipindi kilikuwa kimekwisha. Walimu walituambia kwamba alikuwa amefundisha vizuri sana, lakini hatukuwa na la kuandika katika fomu yake, na ilimbidi aandae somo lingine. Mwalimu wa mpakani aweke saa ya simu kwa mkono, au awe na saa ya ukutani.

Mambo mengine ya kuzingatia

Angalia kama kijijini yuko wakala wa kampuni unayoichagua, maana laini nzuri isiyoweza kuongezewa salio hukwama. Sajili laini kwa kitambulisho chako cha taifa na alama za vidole vyako mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine ni matatizo ya baadaye. Ukiona kampuni yako haikufai, kumbuka kwamba tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadili namba, hivyo wazazi na wakuu wako hawatakupoteza.

Mwisho, walimu wanaweza kushirikiana. Mwenye laini iliyo bora hupakua kitabu mara moja, kisha huwagawia wenzake kwa njia isiyotumia intaneti, kutoka simu hadi simu. Kitabu cha megabaiti 30 kikipakuliwa na walimu 8, megabaiti 240 zimetumika. Kikipakuliwa na mmoja na kugawiwa, ni 30 tu.

Kulifanya jambo hili kuwa somo

Mwalimu aliyekwisha kupima ana zana nzuri ya kufundishia takwimu katika madarasa ya juu. Wanafunzi hawahitaji kuwa na simu. Mwalimu ashike simu moja, na wanafunzi wachore ramani ya eneo la shule, waweke alama za mahali pa kupimia, wahesabu sekunde na waandike kwenye jedwali. Baadaye watafute wastani na wachore grafu ya mihimili. Waulizwe: kwa nini nyuma ya jengo ni polepole kuliko mbele? Wanafunzi wa Ngara, waliozoea kuitana kutoka kilima hadi kilima, hawatachelewa kutoa jibu.

Hitimisho

Tangu mwaka uliofuata kisa cha vipindi 48, tumebadili utaratibu wetu. Mwanachuo hupima mtandao katika wiki ya kwanza, hutuletea jedwali lake, na siku ya kupeleka taarifa hupangwa kufuatana na hali ya shule yake. Mahali pasiposoma kabisa, taarifa huandikwa daftarini na hukusanywa Jumamosi, anaposhuka mjini au anapokwenda gulioni. Hatujaona kazi ya chuo ikiharibika kwa sababu hiyo.

Ndugu mwanachuo, intaneti ipo ili ikusaidie kufundisha. Unapolinganisha laini, jiulize kwanza ni ipi itakayokuacha darasani kengele inapolia.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vijiti vya mtandao vikijaa si uthibitisho kwamba intaneti ni ya kasi?
2. Waraka wa megabaiti 9 ulipakuliwa kwa sekunde 36. Tafuta kasi yake kwa megabiti kwa sekunde.
3. Shule yako ina walimu 6 na kampuni moja tu inasoma, kilimani. Pangeni utaratibu wa kupata mihtasari bila kupoteza kipindi hata kimoja.
4. Je, ni haki chuo kudai taarifa za kila siku kutoka kwa mwanachuo aliye mahali pasipo na mtandao? Toeni sababu.